Magoti ni Yetu

Jumapili, 18 Mei

Bega la kulia limegoma tena. Leo kanisani nimeshindwa kuinua mkono wakati wa kuimba, na mama Januarius aliyekaa nyuma yangu akaninong'oneza, "Mama Lucy, hicho kimpira chako kitakuua." Nikamwambia kisiponiua hicho, sare zenu za kwaya zitaniua. Hakucheka.

Ngoja niandike vizuri, ili hata nikija kusoma uzeeni nisijidanganye. Mimi ni Nyanjige, fundi cherehani hapa Kasoli senta. Mume wangu, Mayige, analima pamba. Mwaka jana Elia, kijana wa mzee Maganga, alirudi kutoka Arusha alikokuwa akifanya kazi hotelini, akaja na vibao vinne na mipira ya plastiki yenye matundu. Mchezo wenyewe unaitwa pikoboli. Wavu unafika kiunoni, wawili wanasimama huku, wawili kule, mnapigiana. Elia alichora mistari kwa chokaa kwenye sakafu ya saruji iliyo pembeni ya ghala la ushirika. Vijana wakacheza kidogo, wakachoka, wakarudi kwenye pool table. Sisi wanawake tukaokota vibao, na mpaka leo hatujavirudisha.

Sasa tuko kundi zima. Tunacheza jioni, jua likianza kulegea. Mwenzangu wa kucheza naye ni Minza, mke wa mtoto wa shemeji yangu. Ni msichana mpole, hata mpira ukimgonga anauomba msamaha.

Jumanne, 20 Mei

Upepo. Mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Bega vilevile.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda Bariadi mjini, hospitali, kwa Benedikta anayefundisha watu mazoezi ya viungo. Ni mtu wa Sola, Maswa, ana maneno machache na mikono migumu. Nilitegemea anipe dawa ya kuchua. Ameniambia, "Simama. Nionyeshe unavyopiga."

Nikapiga hewa kwa kitabu cha kliniki. Akaangalia. Akaniambia nirudie. Kisha akacheka.

"Dada, wewe unapiga kwa bega peke yake. Mwili mzima umeuacha nyumbani."

Nimeudhika, siwezi kuficha. Nimepiga mpira mwaka mzima, nimewashinda walimu wa sekondari, leo naambiwa mwili nimeuacha nyumbani. Lakini akanishika kiuno kwa mikono yake, akanigeuza. Akaniambia nguvu inaanzia chini. Mguu unasukuma ardhi, goti linafunguka, nyonga inageuka, bega linafuata, mkono ndio wa mwisho, nao hauna kazi kubwa ila kufikisha ujumbe. Mpira uukute mbele ya tumbo, usiusubiri ubavuni. Kibao ukishike kama umeshika kifaranga, usikikabe.

"Na magoti," akasema. "Magoti yako yamenyooka kama nguzo za umeme. Mpira wa chini unauinamia kwa mgongo. Ndio maana unaumwa."

Nimetoka pale nimekasirika, lakini nimerudia ile nyonga njia nzima kituoni, watu wakinishangaa.

Jumatano, 28 Mei

Mayige ananirushia mipira uani. Hataki, lakini anarusha. Mbuzi amekula mmoja. Nimeanza kuona. Nikigeuza nyonga kwanza, mpira unatoka na sauti nyingine kabisa, pa!, na bega halina habari. Nimemwita Mayige aje asikilize sauti. Amesema ameisikia, niingie ndani nipike.

Jumapili, 1 Juni

Pamba imeanza kuingia ghalani. Mchana mizani inakaa palepale kwenye sakafu yetu. Jioni tunafagia nyuzi za pamba, ndipo tucheze. Hakuna aliyelalamika.

Alhamisi, 5 Juni

Amelalamika.

Shemeji Luhende ndiye katibu wa ushirika, kaka mkubwa wa Mayige na baba mkwe wa Minza. Mtu mrefu, shati jeupe kila siku. Enzi zake alicheza voliboli JKT na hajatuacha tusahau. Leo jioni amesimama kando ya sakafu, mikono nyuma. Minza akamwona, akaacha kibao chini, akaenda akapiga magoti kumsalimia, "Mwadila, baba." Akaitikia bila kumtazama. Mimi ni mke wa mdogo wake, nami nikaenda nikapiga goti, maana ndivyo tulivyolelewa. Nikiwa hapo chini ndipo akaanza kusema.

"Mama Lucy, hii sakafu ni ya ushirika. Mnarukaruka hapa, wanaume wanaleta pamba wanawaona. Mke wa mtu ananyanyua mguu. Hii ni heshima gani?"

"Shemeji, mguu haunyanyuki," nikamwambia. "Unasukuma chini."

Watu wakacheka. Hilo nadhani ndilo lililomuuma. Akasema ameongea na Constantine, bwana shamba, wameamua maonyesho ya Nane Nane yakifika, kata itapeleka Nyakabindi wanaume waonyeshe mchezo huu. Kwa hiyo vibao viende kwa wanaume, na sakafu ya jioni iwe yao. Sisi turudi tukawaangalie watoto.

Nilibaki na goti chini kama mjinga. Niliinuka limejaa vumbi la pamba. Usingizi utanipita leo, najijua.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwuliza Mayige atamwambia nini kaka yake. Ameuchuna, akaenda kufunga mbuzi.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa hasira, kalamu imetoboa karatasi.

Baada ya misa Luhende alikuja sakafuni na Constantine, wamevaa raba. Akasema hataki kelele, tucheze tu kirafiki, tuone nani anastahili. Kama tunashinda, basi atafikiria. Uso wake mkunjufu kabisa. Mimi nikaingia mkenge, nikamwita Minza, "Haya, chukua kibao."

Sikufikiri. Wallahi sikufikiri. Nilimwona mpinzani, sikumwona baba mkwe.

Minza aliingia uwanjani macho chini. Mpira unapigwa na baba mkwe wake, yeye anautafuta kwenye miguu yake mwenyewe. Nilimfunika, nikakimbia huku na huku, nikapiga kwa nyonga kama nilivyofundishwa, na tukabaki tukikaribiana nao. Kisha Constantine akanyanyua mpira juu, mzuri, unaning'inia. Ulikuwa wa Minza. Akasahau kila kitu, akaupiga. Pa! Ukaenda ukamgonga Luhende kifuani, kwenye shati jeupe, ukadunda juu ukarudi upande wetu. Elia, aliyekuwa mwamuzi, akasema pointi yetu, mpira ukimgonga mtu umekufa.

Lakini Minza hakusikia. Alikuwa ameshaanguka magoti yote mawili, kibao kifuani, "Nisamehe baba, nisamehe baba."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wale wa mizani, wale wa boda, hata wanawake wenzetu. Luhende akatabasamu, akamwambia, "Inuka, mayu, ni mchezo tu." Sauti tamu, anamwita mama. Kuanzia hapo kila mpira akampigia Minza, polepole kabisa, kama anamrushia mtoto. Na Minza hakupiga tena hata mmoja. Kila mpira ulipomfikia alichutama kidogo, yaani ile namna ya kutoa heshima, ukampita.

Tukafungwa vibaya.

Ndipo Luhende akatangaza mbele ya wote kuwa yeye ni mtu wa haki. Jumapili ya mwisho ya Julai tutarudiana. Wakishinda, vibao na sakafu ni vya wanaume, na tusivisikie tena. Tukishinda, jioni ni zetu na tutaenda Nyakabindi. "Lakini wachezaji ni haohao," akasema. "Mama Lucy na Minza, wasije wakabadilika."

Gashi! Kumbe alijua tangu mwanzo. Hakuhitaji kutushinda kwa mpira. Alikuwa na mkwe wake upande wetu, anamchezea yeye.

Jumatatu, 16 Juni

Bega safi. Moyo mbovu.

Alhamisi, 19 Juni

Nancy, mwalimu wa shule ya msingi, amekuja dukani kuchukua sketi. Amesema tumkatalie Luhende, yeye yuko tayari kuingia badala ya Minza. Nancy anapiga mpira sawasawa na hana baba mkwe hapa. Nimemwambia nitafikiria. Nimefikiria dakika ileile na nikakubali moyoni.

Sijui Minza alikuwa amesimama nje muda gani. Alileta vifungo nilivyomtuma. Aliviweka mezani, akaniaga kwa adabu zote, akaondoka.

Jumapili, 22 Juni

Minza hakuja sakafuni. Hakuja hata kanisani.

Nimemfuata nyumbani. Mume wake yuko Geita machimboni, yeye anakaa kwenye boma la Luhende na mama mkwe. Nimemkuta anatwanga. Nikakaa kwenye kigoda, nikasubiri aseme. Akatwanga mpaka unga ukawa vumbi.

"Mama mdogo," akasema mwishowe, "mimi nikimwona baba, mwili wenyewe unashuka. Siamui. Ni kama kupepesa macho."

"Najua."

"Hujui. Wewe unapiga goti halafu unamjibu. Mimi nikishapiga goti, maneno yanaisha." Akafuta uso kwa khanga. "Lakini ule mpira wa kifuani, mama mdogo. Ule niliupiga mimi."

Akacheka. Mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa nguvu hivyo. Nami nikaona aibu kubwa, kwamba nilitaka kumwacha msichana huyu kwa sababu amelelewa kama nilivyolelewa mimi. Nimemwambia Nancy abaki akiba. Mwenzangu ni Minza, tushinde tusishinde.

Jumanne, 24 Juni

Tumefanya mazoezi. Nimemweka Mayige asimame ng'ambo ya wavu avae shati jeupe, aigize Luhende. Minza amemwangalia akaanza kushuka magoti. Mayige naye akaogopa, akavua shati.

Jumamosi, 28 Juni

Siku ya leo niipigie mstari chini.

Benedikta amekuja Kasoli kumwona shangazi yake, akapita sakafuni kuona bega langu linaendeleaje. Nimempigia mipira. Akasema nyonga sawa, mkono sawa, lakini mpira wa chini bado nauinamia kwa mgongo. "Miguu ipanue. Shuka kwa magoti na nyonga, mgongo ubaki wima, kichwa juu. Mpira ukiwa chini, na wewe uwe chini."

Nikajaribu. Mapaja yakaungua kama nimekalia pilipili. Nikamwambia mwili wa fundi cherehani hauwezi, unakaa kwenye stuli tangu asubuhi.

Wakati huo mzee mmoja akapita na baiskeli, mzigo wa pamba nyuma. Minza akamgeukia akapiga goti, "Mwadila, guku," kama anamwamkia babu yake, akainuka. Kitu cha kawaida, wala sikukitazama.

Benedikta alikitazama. "Wewe binti," akasema, "hebu rudia."

Minza akachanganyikiwa. "Nirudie nini?"

"Msalimie tena yule mzee. Mfikirie yuko hapa mbele yangu."

Minza akashuka. Goti moja nyuma karibu liguse saruji, mguu wa mbele umekaa imara, mgongo umenyooka, mabega yametulia. Hakuyumba hata kidogo.

"Baki hapohapo," Benedikta akasema. Akachukua kibao akamtia mkononi. "Sasa nyanyua macho tu. Macho peke yake. Dada Nyanjige, mrushie mpira chini."

Nikamrushia. Ukadunda karibu na kidole chake cha mguu, mahali ambapo mimi ningevunjika kiuno. Minza aliusukuma juu kwa kibao, nguvu ikitoka mguu wa mbele, mkono umelala, na mpira ukapita juu ya wavu kwa unyoya, ukaanguka ng'ambo, karibu kabisa na wavu, ukafa.

Nikamrushia mwingine. Vilevile. Nikampigia kwa nguvu. Vilevile.

Lazima nieleze hapa. Kwenye mchezo huu kuna eneo la karibu na wavu, pande zote mbili, wanaliita jiko. Ukiwa umesimama jikoni huruhusiwi kuupiga mpira ukiwa hewani, lazima uache udunde kwanza. Kwa hiyo anayeweza kuangusha mpira jikoni kwa mwenzake, laini, chini, amemlazimisha ashuke. Asiyeweza kushuka ameumia.

Benedikta akaniambia, "Watu wanalipia makocha wawafundishe mkao huu. Ninyi mmefundishwa na mama zenu bure."

Nilitamani kulia na nilitamani kutukana. Maisha yangu yote nimepiga magoti. Kwa baba, kwa wajomba, kwa mashemeji, kwa mtu anayenitukana huku nikiwa chini. Nimeyachukia haya magoti. Leo nimeona ni yangu. Waliyatumia wao tu.

Tumekubaliana neno. Mpira ukija chini, namwita Minza, "Salimia!" Anashuka kama kawaida ya mwili wake, hapigani nao. Ila macho juu. Hilo ndilo geni kwake.

Jumatano, 2 Julai

Salimia, salimia, salimia. Mapaja siyahisi.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeshona sketi za marinda, pana, na bukta ndani. Ukishuka hakuna kinachoonekana. Mama Januarius amekuja kukagua ili apate la kusema, amekosa. Ameagiza ya kwake.

Ijumaa, 11 Julai

Mvua! Julai hii, mvua. Wingu lilitoka upande wa ziwa, na pamba ya watu imerundikwa sakafuni wazi. Luhende alitoka ghalani anapiga kelele, wapagazi walikuwa wameondoka kula. Tukatoka wanawake wote, mimi na uzi shingoni, Minza, Nancy na watoto wa shule, tukavuta maturubai, tukabeba marobota kifuani. Luhende mwenyewe alikuwa analowa shati. Tuliokoa karibu yote.

Ilipokatika akasimama mbele yetu. Nilidhani atasema wabeja, asante tu. Akasema, "Mmefanya vizuri. Sasa msije mkadhani mmeshinda mchezo."

Minza alikuwa amepiga goti kumpa pole. Niliona akiwa pale chini amenyanyua macho, akamtazama. Kidogo tu, kisha akayashusha.

Jumatatu, 14 Julai

Minza macho juu. Vumbi limerudi.

Jumapili, 20 Julai

Luhende alikuja nyumbani kula. Baada ya ugali na samaki alimwambia Mayige mbele yangu, "Mdogo wangu, mkeo anatia familia aibu. Mwambie aache kabla ya Jumapili ijayo. Nitamwachia heshima yake, nitasema ameumwa bega."

Nilishika sinia. Nilijua Mayige atanyamaza, maana nimeishi naye, ananyamaza hata akikanyagwa.

Mayige akanawa mikono. Akaifuta taratibu. "Kaka," akasema, "bega lake limepona. Mimi ndiye ninayemrushia mipira."

Basi. Hakuongeza neno. Luhende alinuna, akaaga bila kumaliza chai. Nami nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu, machozi yakanitoka. Mwanamume huyu nimemdharau kwa miaka, leo kasema sentensi mbili, kaniziba mdomo.

Jumamosi, 26 Julai

Kesho. Nimekata kitambaa cha mtu vibaya.

Jumapili, 27 Julai

Sakafu ilijaa watu mpaka juu ya marobota. Mayige alifagia mwenyewe alfajiri, nyuzi zote za pamba. Upepo ulitoka mashariki, mkavu. Luhende alikuja na raba mpya. Minza alikwenda akapiga magoti kumsalimia kabla ya kuanza, nami nikapiga langu, na watu wakaona kama yameshakwisha. Mmoja wa boda akapaza sauti, "Jamani, wameshajisalimisha!"

Wakaanza wao. Mipira yote kwa Minza, polepole, kama mara ile. Ya kwanza ikampita. Ya pili ikampita. Macho yake yalikuwa kwenye saruji. Wakatuacha mbali kabla sijagusa mpira wa maana. Watu walianza kuongea mambo mengine, na mimi niliona jioni zote zinaondoka, vibao, kicheko, bega langu lililopona, vyote vinaingia mfukoni mwa shati lile jeupe.

Nikaenda nikasimama karibu yake. "Mwanangu, usipigane na mwili wako. Acha ushuke. Nyanyua macho tu."

Mpira ukaja, wa chini. Nikapiga kelele, "Minza, salimia!"

Uwanja wote ukaangua kicheko. Luhende akaitikia kwa kichwa, ameridhika, "Hapo sasa. Adabu."

Minza akashuka. Mgongo wima, goti la nyuma karibu na saruji. Na macho yake yakapanda, yakaupita wavu, yakakaa usoni kwa baba mkwe wake. Akausukuma mpira kwa kibao, nguvu ikitoka mguuni. Ukapita juu ya wavu polepole, hata mtu angeweza kuupa jina, ukaanguka jikoni mbele ya raba mpya.

Luhende aliinama. Aliinama kwa kiuno, magoti yamenyooka, mkono mmoja mgongoni. Mpira ulidunda mara ya pili kabla kibao hakijafika.

Nikaelewa wakati uleule, na nadhani wanawake wote waliokuwepo walielewa, maana kelele za vigelegele zilitoka upande wao peke yake. Huyu mtu hajawahi kumpigia mtu goti tangu azaliwe. Hajui njia ya kwenda chini. Hakuna aliyemfundisha.

Kuanzia hapo hatukuwa na siri. "Salimia!" Minza anashuka, mpira unakufa miguuni pa Luhende. "Salimia!" Na mimi mwenyewe nikajiita, nikashuka, mapaja yakiungua, na mpira ukaenda palepale. Constantine alijaribu kumfunika, naye ndipo ananipa mimi nafasi, nageuza nyonga, pa!, katikati yao. Tukawakamata. Tukawapita. Luhende shati limeloa, anahema, anamlaumu Constantine, anaulaumu upepo, anamlaumu Elia mwamuzi.

Wa mwisho niliutaka mimi, sisemi uongo. Ulikuja kati yetu, nikageuza bega tayari. Minza akasema, "Wangu." Neno moja. Sijawahi kumsikia akisema kitu ni chake. Nikamwachia. Akashuka, akampigia baba mkwe wake mpira laini kabisa, na Luhende akajikaza, akakunja magoti, kweli alijaribu, yakakataa nusu ya njia, akakaa chini kitako. Mpira ukalala pembeni yake.

Sijui kelele zilidumu kiasi gani. Elia alikuwa anarukaruka mwenyewe.

Minza hakushangilia. Alizunguka wavu, akaenda hadi pale alipokaa Luhende, akapiga magoti mbele yake. Sasa walikuwa urefu mmoja. "Mwadila, baba," akasema, akimtazama.

Luhende akafuta jasho kwa mkono wa shati. "Mwadila, mayu," akajibu. Akampa mkono, Minza akamwinua.

Kisha akanijia mimi na ufunguo wa stoo yenye nguzo na wavu. Ameunyoosha, amesimama wima, na akasubiri. Kila mtu alijua anasubiri nini. Mwanamke akipokea kitu kwa shemeji mkubwa, anashuka.

Nikanyoosha mikono miwili, nimesimama.

"Magoti yamechoka, shemeji," nikamwambia. "Leo yamefanya kazi."

Ufunguo nikaupokea hivyohivyo.

Jumatatu, 28 Julai

Siwezi kushuka ngazi ya dukani. Nimekaa nashona nacheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyakabindi. Watu kama mchwa, matrekta, ng'ombe wa maonyesho, muziki kila banda. Tumecheza mbele ya kundi kubwa. Tuliwafunga wa kwanza, kisha wasichana wa Nyashimo wametufunga, tena vizuri. Wanashuka hao! Magoti yao ni kama yetu. Nimeuliza nani anawafundisha, wakaniangalia kama nimeuliza nani anawafundisha kula. Nilikasirika kwa muda wa soda moja. Minza amewaalika Kasoli.

Jumanne, 12 Agosti

Mizani imeondolewa, msimu wa pamba unaisha. Sakafu yote ni yetu, hata mchana.

Jioni Mayige amerudi kutoka kwa kaka yake, anazungukazunguka, hataki kukaa. Nikajua ana jambo. Amesema Luhende ameonekana nyuma ya ghala ameshika ukuta kwa mkono mmoja, kibao mkono wa pili, anajaribu kuchuchumaa. Alipokutwa akasema anatafuta funguo. Baadaye akamwita Mayige pembeni, akamtuma. Anataka ajue kama kundi letu linapokea wanaume, na kama Minza anaweza kumwelekeza ule mpira wa chini unapigwaje. Lakini iwe kimyakimya.

"Nimjibu nini?" Mayige akauliza.

Nimepiga kwanza mshono wote mpaka mwisho, nikakata uzi.

"Mwambie aje," nikasema. "Jioni, mbele za watu, kama wengine. Mwalimu wake ni Minza. Na somo la kwanza ni kupiga magoti."